Raba ya Meno Huchoka Kabla ya Kukatika: Namna ya Kuipima, Kuitunza na Kuibadilisha kwa Wakati

Mtu yeyote aliyewahi kuona baiskeli ikitoka Uyole kuelekea sokoni Mwanjelwa, ikiwa na magunia ya viazi nyuma, anaujua mpira wa tyubu unaofungia mzigo ule. Asubuhi hufungwa ukakaza hadi gunia likatulia kama limegandishwa. Ikifika jioni mwenye baiskeli hulazimika kusimama kando ya barabara na kuufunga upya, ingawa mpira wenyewe haujakatika wala haujachanika mahali popote. Jambo hilohilo huzipata raba ndogo zinazovuta meno kinywani mwa mtu aliyevaa vyuma vya kupanga meno, isipokuwa kwamba kinywani hakuna gunia linaloyumba ili kumwonya mwenyewe kuwa nguvu imekwisha.

Ninahudumia wagonjwa wa meno hapa Mbeya, na kosa ninalokutana nalo mara nyingi kuliko mengine yote ni la mtu anayesubiri raba ikatike ndipo aibadilishe. Kijana mmoja kutoka Rungwe aliletwa na mama yake baada ya miezi mitatu ambayo meno yake hayakusogea hata kidogo. Nilipomuuliza raba aliyovaa ina siku ngapi, alinijibu kwa fahari, "Hii ina siku ya nane, daktari, na bado nzima kabisa." Mama yake akaongeza kwamba kijana ni mtunzaji mzuri wa vitu. Sikuweza kumlaumu, kwa kuwa kila kitu kingine nyumbani kwao kilitunzwa kwa kipimo hicho, na hakuna mtu aliyekuwa amemweleza kwamba raba ya meno ni kitu cha kutumia na kutupa. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili yake na wenzake, pamoja na wazazi na wahudumu wa afya ya kinywa wanaotaka kuona kwa macho yao kile ambacho huwa tunawaambia kwa maneno tu.

Hatua ya kwanza: Tambua una raba ya aina gani

Raba zinazotumika katika kupanga meno si za namna moja, na kila namna huchoka kwa mwendo wake. Aina ya kwanza ni raba ya kuvuta, yaani kile kipete kidogo ambacho mgonjwa mwenyewe hukivaa na kukivua, akikinasa kwenye ndoano ya jino la juu na ndoano ya jino la chini. Meno ya juu yakiwa yametangulia mbele, raba hiyo kwa kawaida hutoka kwenye chonge la juu kwenda kwenye gego la chini. Taya la chini likiwa ndilo lililotangulia, mwelekeo hugeuzwa, raba ikatoka kwenye chonge la chini kwenda kwenye gego la juu. Aina ya pili ni mnyororo wa raba, ambao ni vipete vilivyoungana kama shanga na hupitishwa na daktari juu ya braketi kadhaa, yaani vile vipande vidogo vinavyobandikwa kwenye meno, ili kufunga nafasi kati ya meno. Aina ya tatu ni kiraba cha kufungia, kile chenye rangi kinachozunguka braketi moja moja na kuushika waya mahali pake. Hiki nacho hulegea, lakini mgonjwa hana la kukifanyia, kwa hiyo sitakaa nacho.

Tofauti kubwa iko katika malighafi. Raba nyingi za kuvuta hutengenezwa kwa lateksi, yaani utomvu wa mti wa mpira uliopikwa pamoja na salfa, kwa njia ambayo Charles Goodyear aliipatia hataza nchini Marekani mwaka 1844. Zipo pia raba za kuvuta zisizo na lateksi, zilizobuniwa kwa ajili ya watu wenye mzio. Minyororo na viraba vya kufungia hutengenezwa kwa plastiki inayonyumbuka iitwayo poliyurethani. Pakiti huonyesha kama ndani mna lateksi au hamna, na neno hilo moja lina uzito mkubwa katika ratiba ya kubadilisha, kama itakavyoonekana hapa chini.

Kuhusu mzio, kuna jambo ambalo watu wa kwetu hawana budi kulijua. Mwili wa mtu mwenye mzio wa lateksi mara nyingine hukataa pia ndizi na parachichi, kwa sababu protini zilizomo katika matunda hayo hufanana na zile za utomvu wa mpira. Katika nchi ya migomba na miparachichi kama Rungwe na Njombe, mtu anaweza kuwa anajijua tangu utotoni kwamba akila ndizi midomo inamwasha, asidhani kwamba habari hiyo inamhusu daktari wa meno. Inamhusu sana. Mwambie kabla hujavaa raba ya kwanza. Na ukivaa raba kisha ukaona midomo inavimba, kinywa kinawasha au pumzi inakuwa nzito, ivue mara moja na uende hospitali.

Hatua ya pili: Soma namba zilizo juu ya pakiti

Pakiti huwa na namba mbili muhimu. Ya kwanza ni upana wa tundu la raba ikiwa haijavutwa, na huandikwa kwa sehemu za inchi: robo inchi ni kama milimita 6.4, tatu ya kumi na sita ni milimita 4.8, na tano ya kumi na sita ni milimita 7.9. Ya pili ni nguvu, ambayo huandikwa kwa aunsi au kwa gramu, na aunsi moja ni gramu 28 na kidogo. Kwa hiyo raba ya aunsi tatu na nusu huvuta kama gramu 100, ya aunsi nne na nusu kama gramu 128, na ya aunsi sita kama gramu 170.

Watu wengi husoma namba ya pili kana kwamba ni nguvu ya raba wakati wote na mahali popote, na hapo ndipo wanapopotoka. Kwa desturi ya watengenezaji, nguvu hiyo ni ile inayopatikana raba ikivutwa hadi mara tatu ya upana wa tundu lake, na inapimwa raba ikiwa mpya. Raba ya robo inchi, basi, hutoa nguvu iliyoandikwa ikivutwa hadi milimita 19 hivi. Kama umbali kati ya ndoano zako ni milimita 25, utapata nguvu kubwa zaidi. Kama ni milimita 15, utapata pungufu. Ndiyo maana daktari hupima umbali huo kinywani kabla ya kuchagua pakiti, na ndiyo maana si vyema kuazima raba za mwenzako bwenini hata kama pakiti zenu zinafanana rangi.

Angalia pia tarehe ya mwisho wa matumizi. Raba iliyopitwa na tarehe huwa imeanza kuchoka ikiwa bado ndani ya pakiti.

Kinachotokea ndani ya raba

Kabla ya kupima, ni vizuri kujua unachopima. Ndani ya lateksi kuna nyuzi ndefu mno za molekuli, zilizojikunja na kusokotana, na hapa na pale zimeunganishwa kwa madaraja ya salfa. Ukiivuta raba, nyuzi hizo hunyooka. Ukiiachia, hujikunja tena, na kule kutaka kujikunja ndiko kunakovuta jino. Lakini ukiishikilia raba katika urefu uleule kwa muda, nyuzi zile ambazo hazikufungwa na daraja huanza kuteleza moja juu ya nyingine na kutafuta mahali pa kupumzika. Urefu wa raba haujabadilika, jicho halioni tofauti, ila uvutaji umepungua. Fikiria sweta la sufu lililoanikwa kwenye kamba likiwa limelowa: hakuna uzi uliokatika, na hata hivyo mabega yake hayarudi kama yalivyokuwa.

Utelezi huu una tabia moja ambayo ni muhimu kuliko nyingine zote: huwa mkubwa mwanzoni, kisha hupoa. Sehemu kubwa ya nguvu inayopotea hupotea ndani ya saa ya kwanza, na baada ya hapo raba huendelea kushuka polepole. Daktari mzoefu huliweka hilo katika hesabu zake, kwa hiyo anguko la saa ya kwanza si la kukutia hofu. Linalopaswa kukushughulisha ni yale yanayofuata.

Kinywa huongeza mambo yake juu ya utelezi huo. Joto la nyuzi 37 huzifanya nyuzi za molekuli ziteleze kwa urahisi zaidi kuliko zingeteleza mezani katika baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba. Maji ya mate hupenya ndani ya raba na kuivimbisha. Poliyurethani hasa hunywa maji, na maji hayo hulegeza vifungo vinavyoshikilia nyuzi zake. Kisha kuna mwendo: kila unapopiga miayo, kucheka au kuzungumza, taya hufunguka na raba huvutwa kupita kiasi ilichowekewa, halafu hurudi, mara mamia kwa siku. Raba iliyokaa imetulia kwenye ubao wa majaribio huwa na hali nzuri kuliko ndugu yake aliyekaa kinywani kwa muda uleule.

Matokeo yake kwa takriban ni haya. Raba ya kuvuta ya lateksi, ikikaa saa 24 kwenye maji yenye joto la mwili, hubaki na kama robo tatu ya nguvu yake ya mwanzo. Raba isiyo na lateksi hushuka zaidi, na baadhi hukaribia nusu. Mnyororo wa poliyurethani huanguka vibaya kuliko zote mbili: nusu ya nguvu, na pengine zaidi, huondoka ndani ya siku ya kwanza, na baada ya wiki nne hubaki kama theluthi hivi. Bidhaa hutofautiana, kwa hiyo namba hizi ni za kukupa picha. Namba za pakiti yako utazipata mwenyewe katika hatua inayofuata.

Hatua ya tatu: Pima nyumbani kwako

Jaribio hili halihitaji maabara. Nimelifanya mara kadhaa na wazazi na wanafunzi, na kila mara limefanya kazi ambayo maneno yangu yalishindwa kuifanya. Utahitaji mizani ya kidijitali ya jikoni inayosoma gramu moja moja, chupa ya maji ya nusu lita iliyojazwa mchanga, klipu mbili za karatasi, uzi imara, rula yenye milimita, kipande cha ubao kinachoingia kwenye hotipoti, misumari midogo sita, kipimajoto cha homa, simu yenye kamera, na raba 12 kutoka pakiti moja. Pakiti kwa kawaida huwa na raba 100, kwa hiyo hutapungukiwa. Hata hivyo, ukiwa umebakiwa na chache, zivae na uache jaribio hadi upate nyingine.

Pigilia misumari kwenye ubao kwa jozi tatu. Katika kila jozi, umbali kutoka ukingo wa nje wa msumari mmoja hadi ukingo wa nje wa mwenzake uwe mara tatu ya upana wa tundu la raba. Kwa raba ya robo inchi utakuwa milimita 19. Nimesema ukingo wa nje kwa sababu raba huizunguka misumari kwa nje, na ukipima katikati hadi katikati utakuwa umeivuta kupita ulivyokusudia. Kosa la milimita mbili hapa huharibu jaribio zima, kwa hiyo usione tabu kung'oa msumari na kuupigilia upya.

Sasa tengeneza kipimo. Weka chupa ya mchanga juu ya mizani na uandike uzito wake. Funga uzi shingoni mwa chupa, ukiacha kitanzi juu, na unase klipu ya kwanza, uliyoikunja kama ndoano, kwenye kitanzi hicho. Tia raba kwenye ndoano hiyo, kisha upande wa juu wa raba tia klipu ya pili, ambayo utaishika kwa mkono. Simamisha rula kando yake. Inua taratibu, wima, mpaka urefu wa ndani wa raba ufike milimita 19, na utulie hapo kwa sekunde tano. Raba inapovuta chupa kwenda juu, mizani husoma uzito mdogo. Tofauti kati ya uzito wa mwanzo na huu mpya ndiyo nguvu ya raba kwa gramu. Chupa ikiwa ilisoma 800 na sasa inasoma 690, raba yako inavuta gramu 110. Kwa kuwa ni vigumu kutazama rula na mizani kwa wakati mmoja, mwenzako arekodi vyote viwili kwa simu, kisha msimamishe picha pale urefu unapofika mahali pake.

Pima kwanza raba tatu mpya, ujumlishe na kugawanya kwa tatu. Usitegemee raba moja, kwa sababu hata raba za pakiti moja hazilingani kabisa. Hiyo ndiyo nguvu ya mwanzo, na raba hizo tatu kazi yake imekwisha.

Jaza hotipoti maji safi yenye joto la nyuzi 37, ukithibitisha kwa kipimajoto. Vika raba tatu kwenye kila jozi ya misumari, jumla tisa, na uzamishe ubao wote. Ukielea, uwekee kijiwe. Funika. Baada ya saa moja, toa raba za jozi ya kwanza na uzipime moja baada ya nyingine. Fanya haraka, kwa maana raba iliyoachiwa huanza kujirudisha, na ukikaa nayo mezani kwa dakika kumi itakudanganya kwa kuonekana na nguvu kuliko ilivyokuwa ndani ya maji. Jozi ya pili ipime baada ya saa sita, na ya tatu baada ya saa 24. Kila saa mbili hivi angalia joto la maji na uongeze ya moto kidogo. Huku kwetu usiku wa mwezi wa sita hotipoti hupoa upesi, na jaribio lililofanywa katika maji ya baridi litaonyesha raba imara kuliko ilivyo kinywani. Usipoweza kuamka usiku, lifunge hotipoti ndani ya blanketi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tuseme raba mpya zilivuta gramu 110 kwa wastani, na zile za saa 24 zikavuta gramu 82. Gawanya 82 kwa 110 utapata 0.745, yaani imebaki kama asilimia 75. Andika pia matokeo ya saa moja na saa sita, kisha chora mstari kwenye daftari la hesabu lenye miraba. Utaona mstari ukiporomoka mwanzoni kama barabara ya mlima Kitonga, halafu ukitambarika. Mwanafunzi anayeuchora mstari huo kwa mkono wake hahitaji tena kukumbushwa kubadilisha raba.

Jaribio hili ni la kuelewa tabia ya raba. Lisitumike kubadili matibabu kwa uamuzi wako mwenyewe. Ukipata namba inayokushangaza, ipeleke kwa daktari.

Hatua ya nne: Weka ratiba inayofuata saa

Jino husogea kwa sababu seli za mfupa wa taya huondoa mfupa upande linakoelekea na kujenga upande linakotoka, na kazi hiyo huhitaji msukumo mwepesi unaodumu. Jino likivutwa kwa saa chache tu kwa siku, haliitiki. Likivutwa sawasawa, mwendo wa kama milimita moja kwa mwezi ni mwendo mzuri. Kwa hiyo maswali ni mawili: raba imevaliwa kwa saa ngapi, na katika saa hizo ilikuwa na nguvu kiasi gani. Mtu anayevaa raba iliyochoka usiku na mchana ameshika nusu ya maelekezo.

Daktari akiwa hakukupa maelekezo tofauti, raba ya lateksi isikae kinywani zaidi ya saa 24, na ni bora ibadilishwe mara mbili au tatu kwa siku. Isiyo na lateksi ibadilishwe mara nyingi zaidi, na hapo mara tatu naihesabu kuwa kiwango cha chini. Ifunge ratiba kwenye jambo ambalo tayari hufanyika kila siku. Kwa aliye nyumbani, ni baada ya kupiga mswaki asubuhi, baada ya chakula cha mchana, na baada ya kupiga mswaki usiku. Kwa mwanafunzi wa bweni, na hapa Iringa, Njombe na Mbeya ni wengi, kengele ya shule hufanya kazi hiyo vizuri: raba mpya kengele ya kuamka, raba mpya baada ya chakula cha mchana, raba mpya baada ya masomo ya jioni. Mzazi aongee na matroni au mwalimu wa zamu siku ya kufungua shule, kwa sababu nimeona pakiti za raba zikichukuliwa kwenye ukaguzi wa mabweni kwa kudhaniwa ni vitu vya mchezo.

Ukivua raba ili ule, kile ulichokivua kitupe na uvae kipya baada ya kula. Wapo wanaokihifadhi kwenye kifuniko cha chupa ili wakirudishe, na najua wanafanya hivyo kwa nia ya kubana matumizi; lakini kwa raba 100 katika pakiti moja, akiba hiyo ni ndogo, na mwezi mmoja wa matibabu uliopotea ni ghali kuliko pakiti nyingi. Raba ikikatika usiku, vaa nyingine asubuhi bila kufidia. Zinapotakiwa raba pande zote mbili, badilisha pande zote mbili kwa pamoja hata kama iliyokatika ni moja, la sivyo upande mmoja utavuta kuliko mwingine.

Hatua ya tano: Zitunze zikiwa bado kwenye pakiti

Maadui wa raba iliyolala pakitini ni joto, mwanga wa jua na hewa. Baridi ya Mbeya, Makete au Mafinga ni rafiki yako katika hili. Kabati la chumbani linatosha. Anayeishi Kyela, kwenye joto na unyevu wa kandokando ya ziwa, aziweke kwenye kikopo kinachofunga vizuri, mbali na dirisha na jiko. Pakiti isikae juu ya dashibodi ya gari wala kwenye mfuko wa begi unaopigwa jua safari nzima ya basi. Lateksi pia huliwa na ozoni, ambayo hutokea hewani penye cheche za umeme, kwa hiyo karakana ya kuchomelea vyuma si mahali pa kuhifadhia raba za mtoto. Toa zile utakazotumia siku hiyo tu, ufunge pakiti.

Usizichemshe kwa nia ya kuziua vijidudu. Kabla ya kuvaa, ivute raba mara moja kwa vidole na uitazame kwenye mwanga: ikiwa ina nyufa ndogo, inanata au imebadilika rangi, itupe, na ukiona tatu za namna hiyo mfululizo, itupe pakiti yote.

Mnyororo wa raba na umbali wa safari

Hapa ndipo jiografia yetu inapoingia kwenye matibabu. Wapo wagonjwa wa Nyanda za Juu Kusini wanaomfuata bingwa wa kupanga meno hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya, na mtu wa Ludewa au Makete ana safari nyingine kabla hajaifikia barabara kuu. Mnyororo uliowekwa kwa matarajio ya wiki nne hujikuta umekaa wiki kumi, kwa sababu ya nauli, mavuno au mitihani. Mgonjwa huuona mnyororo uko mahali pake, na huamini kwamba kazi inaendelea. Kwa wiki nyingi kati ya hizo kumi, kazi imesimama.

Dawa yake ni kumweleza daktari ukweli wa safari zako siku ya kwanza, kabla hajachagua kifaa. Usione haya kusema kwamba utaweza kuja mara moja tu katika miezi miwili. Akijua hivyo, anaweza kutumia springi ya aloi ya nikeli na titani badala ya mnyororo, kwa kuwa springi hiyo hushuka nguvu kwa kiasi kidogo sana ikilinganishwa na raba, au anaweza kukupangia raba za kuvuta ambazo utabadilisha mwenyewe nyumbani. Baadhi ya madaktari huuvuta mnyororo kabla ya kuuweka ili anguko la mwanzo litokee nje ya kinywa. Husaidia kidogo, lakini hakuziondoi wiki kumi. Muulize pia kama daktari wa meno aliye karibu nawe anaweza kubadilisha mnyororo kwa maelekezo yake ya maandishi. Kuhusu rangi, mnyororo usio na rangi ukigeuka njano kwa bizari ya mchuzi au chai, hilo peke yake si dalili ya nguvu iliyobaki. Mnyororo mweupe safi wa wiki ya nane umechoka vilevile.

Mambo matatu ya kutofanya

Usivae raba mbili pamoja ili kufidia siku ulizosahau. Nguvu hujumlika, na mvuto mkubwa mno huleta maumivu, hulaza jino badala ya kulisogeza, na unaweza kula ncha ya mzizi, ambayo ikishaliwa hairudi. Usibadilishe ukubwa wa raba kwa sababu pakiti yako imekwisha na rafiki ana nyingine. Piga simu kwanza.

La tatu nalisema kwa uzito wote nilio nao. Usizungushe raba ya aina yoyote, ya meno au ya kufungia noti, moja kwa moja kwenye meno mawili yasiyo na braketi ili kuziba mwanya. Jino ni jembamba kuelekea mzizini, kwa hiyo raba huteleza chini ya ufizi bila mwenyewe kujua, hupanda kuufuata mzizi, na hukata nyuzi na mfupa unaoshikilia jino hadi jino zima linalegea. Meno ya mbele yenye afya kamili yamepotea kwa njia hiyo. Na kwa kuwa kwetu mwanya umehesabiwa kuwa urembo tangu enzi za mababu, kijana anayetaka kuuziba aulizwe kwanza nani amemwambia una kasoro. Akiwa bado anataka, apelekwe kwa daktari.

Siku ya miadi

Nenda na vitu vitatu: pakiti unayoitumia, daftari la tarehe na saa za kubadilisha pamoja na siku ulizosahau, na mchoro wa jaribio kama ulilifanya. Siku ulizosahau ziandike bila kuficha. Daktari akiona jino halikusogea na daftari linasema raba zilivaliwa sawasawa, ataongeza nguvu. Ikiwa kumbe hazikuvaliwa, ameongeza nguvu juu ya jino lisilohitaji. Kabla hujaondoka kwenye kiti, mwombe akutazame ukivaa raba kwa mikono yako mwenyewe, pande zote mbili, na uhesabu pamoja naye pakiti za kukufikisha kwenye miadi ijayo: raba mbili kila badiliko, mara tatu kwa siku, ni raba 180 kwa mwezi, hivyo pakiti mbili kwa kila mwezi, na moja ya ziada kwa ajili ya mwezi ambao basi halitapatikana.